Kifaa chenye jicho la siri: Je, kinaiona ngozi yako sawasawa?

SAA saba mchana, jua likiwa utosini, unatoka ofisini katikati ya jiji na kuchomoa simu mfukoni. Papo hapo kioo chake kinang'aa zaidi ili uweze kusoma ujumbe ulioletewa. Usiku, ukiwa umejilaza na taa imezimwa, kioo hicho hicho kinajififisha chenyewe ili kisikuumize macho.

Je, simu ilijuaje kwamba ni mchana au ni usiku?

Jibu ni kwamba simu hiyo ina jicho. Mahali fulani upande wa juu wa kioo chake pana kihisi mwanga, yaani kidude kidogo kuliko punje ya mchele ambacho kazi yake ni kupima mwanga unaokizunguka. Lakini hata ukiigeuza simu huku na huku, huenda usilione jicho hilo. Limefichwa makusudi.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Makala haya yanaeleza jinsi vihisi mwanga vinavyofichwa ndani ya vifaa, na kwa nini jambo hilo, ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la urembo tu, linahusu afya ya mtu mwenye ngozi nyeusi kuliko anavyodhani. Sababu ni kwamba jicho la aina hiyo hiyo ndilo analolitegemea daktari anapokubana kidole kwa kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni.

UREMBO DHIDI YA UKWELI

Kihisi mwanga, kwa kifupi, ni kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mwanga ukiwa mwingi, umeme nao huwa mwingi. Mwanga ukififia, umeme nao hupungua. Kifaa husoma kiasi hicho cha umeme na kuamua la kufanya.

Ili kifanye kazi vizuri, kihisi kingependa kukaa mahali wazi, bila kizuizi chochote mbele yake. Mwenye kuunda simu, televisheni au saa naye hataki tundu wala doa usoni mwa kifaa chake, kwani mnunuzi huvutiwa na uso laini, mweusi, usio na dosari. Hapo ndipo mvutano unapozuka, na mafundi wamebuni njia kadhaa za kuuamua.

Njia ya zamani zaidi unayo nyumbani. Chunguza mbele ya televisheni au redio yako, utaona kidirisha cha plastiki chenye rangi nyekundu iliyoiva au nyeusi tititi. Kwa macho yako, kidirisha hicho kimefungwa. Kwa mwanga wa rimoti, ni mlango ulio wazi. Rimoti hutoa mwanga wa infraredi, aghalabu wa nanomita 940, ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona. Plastiki hiyo huzuia mwanga tunaouona na kupitisha infraredi.

Ukitaka kuhakikisha, elekeza ncha ya rimoti kwenye kamera ya simu, ubonyeze kitufe chochote. Katika simu nyingi utaona taa ya zambarau au nyeupe ikimetameta, ingawa ukiitazama rimoti yenyewe huoni chochote.

Njia ya pili ni wino. Ukingo mweusi unaozunguka kioo cha simu umepakwa rangi kwa upande wa ndani. Mahali kihisi kilipo, fundi hupaka wino maalumu unaofanana na rangi hiyo lakini unaopitisha mwanga kidogo. Ukiutazama unaona weusi mtupu, lakini kihisi kinaona.

Njia ya tatu ni kijiti cha plastiki angavu kinachopitisha mwanga kama mfereji upitishavyo maji. Kihisi huachwa ndani kabisa ya kifaa, na kijiti huchukua mwanga kutoka kwenye upenyo mdogo ukingoni na kuufikisha kwake.

Njia ya nne ni kukificha kihisi mahali penye matundu tayari. Mwaka 2003, kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa tarakilishi ya kubebeka, PowerBook G4 ya inchi 17, ambayo vihisi vyake vilikaa chini ya wavu wa vipaza sauti. Chumba kikiingia giza, taa za vitufe ziliwaka zenyewe, na mwenyewe hakuona tundu lolote la ziada.

Siku hizi kuna njia ya tano, nayo ni kukiweka kihisi chini ya skrini yenyewe ili kichungulie katikati ya vijitaa vya skrini. Ugumu wake ni kwamba skrini pia inatoa mwanga, kwa hivyo kifaa hulazimika kuondoa mwanga wake chenyewe katika hesabu kabla ya kujua mwanga wa nje ni kiasi gani.

GHARAMA YA KUFICHA

Kila moja ya njia hizo ina gharama yake. Mwanga hupimwa kwa kizio kiitwacho luksi. Jua la adhuhuri hufikia luksi 100,000 hivi, ofisi yenye taa nzuri huwa na luksi 300 hadi 500, na mbalamwezi haifiki hata luksi moja.

Tuseme wino uliopakwa mbele ya kihisi unapitisha asilimia 5 tu ya mwanga. Ofisi ya luksi 500 itaonekana kwa kihisi kuwa na luksi 25, sawa na chumba chenye giza la magharibi. Kama hakuna aliyekifahamisha kihisi kwamba kimefunikwa, kitatoa habari za uongo, nacho kifaa kitaziamini.

Isitoshe, silikoni huhisi infraredi vizuri kuliko jicho la binadamu, ambalo haliihisi kabisa. Wino unaozuia mwanga wa kawaida na kupitisha infraredi kwa wingi unaweza kukifanya kihisi kidhani chumba kina mwanga mkali kwa sababu tu ya joto la balbu ya zamani. Ndiyo maana vihisi vingi huwekewa kichujio, au hupima mwanga wa aina mbili na kutoa mmoja kutoka kwa mwingine.

Dawa ya matatizo haya inajulikana kiwandani. Mafundi hupima ni mwanga kiasi gani unaopenya kifuniko, kisha huandika kiasi hicho katika programu ya kifaa. Kazi hiyo huitwa kusawazisha. Kifuniko kikibadilika, hesabu nayo hubadilika. Simu ikitiwa kioo kipya kisicho na wino ule ule, au ikibandikwa kinga ya kioo yenye rangi nzito, mara nyingine huanza kufifia adhuhuri na kumulika usiku wa manane. Jicho lake ni lile lile, lakini pazia limebadilishwa.

Msomaji, shika jambo hili moja: kihisi kilichofichwa nyuma ya kitu cheusi husema kweli iwapo tu kuna mtu aliyekipima kitu hicho cheusi. Sasa tutoke kwenye simu, tuje kidoleni.

NGOZI KAMA PAZIA

Wakati wa janga la Covid-19, ambalo kisa chake cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa Machi 13, 2020, familia nyingi za mjini zilinunua oksimita. Hiki ni kifaa kidogo kama kibanio cha nguo, kinachobanwa kwenye ncha ya kidole na kuonyesha asilimia ya oksijeni iliyobebwa na damu. Baadhi ya saa za kisasa za mkononi nazo hudai kufanya kazi hiyo, vihisi vyake vikiwa vimefichwa nyuma ya kioo cheusi kinachogusa ngozi.

Msingi wa oksimita hizi ulivumbuliwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mapema katika miaka ya 1970. Upande mmoja wa kibanio una taa mbili, moja nyekundu ya nanomita 660 hivi na nyingine ya infraredi ya nanomita 940 hivi, ile ile jamaa ya rimoti. Upande wa pili una kihisi mwanga. Damu iliyojaa oksijeni hupitisha mwanga mwekundu zaidi, na damu iliyopungukiwa huuzuia. Kifaa hulinganisha taa hizo mbili kila moyo unapopiga, na kutokana na ulinganisho huo hutoa asilimia.

Lakini kabla ya mwanga kuifikia damu, lazima upite kwenye ngozi. Ngozi yetu ina melanini, rangi asilia inayotukinga na jua. Melanini hunyonya mwanga, tena hunyonya mwanga mwekundu kuliko infraredi. Kwa maneno mengine, kwa oksimita ngozi ndiyo wino uliopakwa mbele ya jicho.

Kwa nadharia, hilo halikufaa kuwa tatizo. Ngozi haina mapigo, na kifaa hutazama tu kile kinachobadilika moyo unapopiga. Hata hivyo, namba inayoonyeshwa haitokani na nadharia peke yake. Watengenezaji huwapa watu wazima wenye afya hewa yenye oksijeni kidogo, hupima damu ya mishipa yao ya ateri, kisha hulinganisha na usomaji wa kifaa. Huko ndiko kusawazisha kwenyewe. Na kwa miaka mingi, wengi wa watu waliotumiwa katika kazi hiyo walikuwa wenye ngozi nyeupe.

Matokeo yake ni kwamba kiwandani mafundi walijitahidi kupima wino wa simu, lakini pazia lililo mwilini mwa mabilioni ya watu halikupimwa kwa uangalifu kama huo.

ONYO LILILOCHELEWA KUSIKIKA

Si kwamba hakuna aliyeonya. Mwaka 1990, madaktari wa Marekani waliochunguza wagonjwa mahututi walieleza kwamba oksimita ilikosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Mwaka 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi kifaa husoma juu ya ukweli, na kosa hukua kadiri oksijeni inavyopungua.

Lakini ilichukua hadi Desemba 2020, janga likiwa limepamba moto, ndipo dunia ikasikia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya wagonjwa ambao oksimita ilisoma kati ya asilimia 92 na 96, kiwango ambacho kwa kawaida hakimtishi daktari. Damu yao ilipopimwa moja kwa moja, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi ilionyesha oksijeni iliyo chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weupe, ilikuwa asilimia 3.6.

Tofauti hiyo inazidi mara tatu. Maana yake ni kwamba mgonjwa anaweza kuambiwa yu salama, akanyimwa oksijeni au akarudishwa nyumbani, ilhali mwili wake unakosa hewa.

Shirika la Marekani la kusimamia dawa na vifaa vya tiba, FDA, lilitoa tahadhari kwa umma Februari 2021. Chini ya mwongozo wake wa mwaka 2013, oksimita iliweza kujaribiwa kwa watu 10 tu, wawili kati yao wakiwa wenye ngozi nyeusi. Januari 2025 shirika hilo lilitoa rasimu ya mwongozo mpya inayopendekeza watu 150 au zaidi, wenye rangi za ngozi zilizopimwa na kugawanywa kwa uwiano.

Huko Marekani, watu weusi ni wachache, na kosa hilo huhesabiwa kuwa la kundi dogo. Hapa Kenya ni kinyume. Karibu kila kidole kinachoingia katika kibanio hicho, kuanzia zahanati ya mtaani hadi chumba cha wagonjwa mahututi, ni kidole chenye melanini nyingi.

USITUPE OKSIMITA YAKO

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba oksimita haina maana. Imeokoa maisha mengi, hasa ya watoto wenye nimonia na wagonjwa wanaopasuliwa. Kinachotakiwa ni kuitumia kwa kuijua tabia yake. Wenye kifaa hicho nyumbani wazingatie haya:

Pima ukiwa mzima. Andika namba yako ya kawaida siku ambazo huumwi. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Eldoret takriban mita 2,100, kwa hivyo mtu mwenye afya huko anaweza kusoma chini kidogo ya mwenzake wa Mombasa. Ukiugua, linganisha na namba yako mwenyewe. Kushuka kutoka 97 hadi 93 kuna uzito, hata kama 93 peke yake haikutishi.

Ondoa mapazia mengine. Rangi ya kucha, hasa iliyo nzito, kucha za kubandika, na piko nyeusi kwenye ncha za vidole huweza kuzuia mwanga. Kidole kisicho na rangi ndicho cha kutumia. Hali kadhalika, tatuu yenye wino mzito kwenye kifundo cha mkono huweza kuivuruga saa inayosoma mapigo ya moyo.

Pasha mkono joto na utulie. Vidole baridi vina damu kidogo. Kaa chini, mkono uwe umepumzika chini ya usawa wa moyo, usitikisike, tena usipime juani. Ngoja namba itulie kabla ya kuisoma.

Namba ni kadirio. FDA inaeleza kwamba hata kifaa kilichoidhinishwa kikisoma 90, ukweli kwa kawaida huwa kati ya 86 na 94. Vifaa vingi vinavyouzwa madukani kwa matumizi ya jumla au ya michezo havikupitia uchunguzi huo.

Amini mwili kuliko namba. Mtu anayehema upesi, anayeshindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, anayechanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitalini hata kama oksimita inasoma 95. Kwa mtu mweusi, rangi ya samawati inayoashiria upungufu wa oksijeni ni vigumu kuiona usoni. Itafute ulimini, ndani ya midomo na chini ya kucha.

Kwa watoto, hesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Kuanzia miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya hatari. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kikiingia ndani mtoto anapovuta hewa, au akishindwa kunyonya au kunywa, usingoje namba yoyote.

MOSHI WA JIKO HAUONEKANI

Kuna hadaa nyingine ambayo haichagui rangi ya ngozi. Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, wapo wanaoingiza jiko la makaa ndani ya chumba na kufunga madirisha. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishikilia himoglobini ya damu na kuinyima nafasi ya kubeba oksijeni.

Oksimita ya kawaida haiwezi kutofautisha damu iliyoshikwa na gesi hiyo na damu iliyojaa oksijeni, kwani zote mbili hupitisha mwanga mwekundu kwa namna inayokaribiana. Mtu anaweza kuwa anakata roho huku kifaa kikionyesha 98. Kwa hivyo, ukimkuta jamaa akiumwa na kichwa, akitapika au amezirai katika chumba chenye jiko, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na umkimbize hospitalini. Usipoteze wakati kumbana kidole. Na daktari umweleze wazi kwamba kulikuwa na jiko ndani, kwa sababu hapo ndipo atajua kuagiza kipimo cha damu kinachofaa.

SWALI LA KUULIZA

Madaktari nao hawana budi kukumbuka jambo hili. Mgonjwa anapoonekana taabani na namba inadai ni mzima, kipimo cha damu ya ateri, pale kinapopatikana, ndicho cha kuamua. Hospitali na serikali za kaunti zinaponunua oksimita zina haki ya kumuuliza muuzaji: kifaa hiki kilijaribiwa kwa watu wangapi wenye ngozi kama ya wagonjwa wetu? Swali hilo halina gharama, na jibu lake linaweza kumwokoa mtu.

Wewe msomaji nawe unaweza kuuliza dukani. Usiridhike na kifaa kung'aa, kuwa chembamba na kutokuwa na tundu hata moja. Jicho lililofichwa vizuri ni sifa ya fundi, lakini jicho hilo halitakufaa kama hakuna aliyelifundisha kuona kupitia pazia lililo mbele yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Mara nyingine anayeyaficha si mgonjwa, bali ni kifaa kidogo kilichobanwa kidoleni mwake, kinachosema 95 bila wasiwasi wowote.